Basi la Saa Kumi na Moja na Nusu

Jana, karani wa sensa alipokwisha kutuandika kwenye kishikwambi chake na kuaga, binti yangu aliniuliza, "Baba, wakishatuhesabu wanatuletea nini?" Nilimjibu kwamba serikali ikijua idadi ya watu hujua pa kupeleka shule, zahanati na barabara. Nilipotamka neno barabara nikazisikia tena bangili za kioo zikigongana gizani, nikanyamaza.

Ilikuwa Septemba 2012, sikukuu ya Ganesh, mungu wa Wahindu, nami nilikuwa nimefuatana na mwenzangu wa chuo hadi kwao, kitongoji kilicho juu katika milima ya Sahyadri, magharibi ya mji wa Pune, India. Kaya zilikuwa 33, na watu hawakutimia 200. Basi jekundu liliishia kijiji cha bondeni, ambako dereva na kondakta walilala ili waondoke nalo saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kutoka hapo kwenda kwao ilikuwa kilomita nne za kupanda kwa miguu. Mpango wa barabara za vijijini ulioanzishwa India mwaka 2000 ulilenga makazi ya watu 500 na kuendelea katika nchi tambarare, na 250 katika maeneo yaliyotambuliwa ya milima, jangwa na makabila. Kitongoji kile hakikufikia hata kiwango cha chini. Katika majedwali ya sensa watu wake walijumlishwa na wa bondeni, na kwa kuwa bondeni kulikuwa na basi, ilihesabika kwamba nao wanalo.

Usiku wa pili bibi wa mwenzangu alitoka kwenda kufunga ng'ombe, akateleza kwenye tope, akavunjika nyonga. Hakuna aliyeuliza la kufanya. Walileta mwanzi mrefu na lile tandiko zito linaloshonwa kwa sari kuukuu, wakafunga ncha zake, ikawa machela, na saa tisa usiku tukaanza kuteremka, wanaume wanane tukipokezana. Walinipa nafasi ya mbele kwa sababu ya urefu wangu. "Halu, halu, dada," waliniambia, yaani polepole, kaka, kwa maana kwa Kimarathi dada ni kaka mkubwa. Mvua ilikuwa haijakatika tangu magharibi. Kila tulipokanyaga, bangili zake za kijani, ambazo kule huvaliwa na mwanamke mwenye mume, ziligongana, na kwa mlio ule tulijua kwamba bado ana fahamu, maana hakulia hata mara moja. Mahali penye mawe zilinyamaza. Mumewe, aliyekuwa akitembea ubavuni pake akimkinga kwa mwavuli na yeye mwenyewe akilowa, alimwita kwa sauti ndogo. Sote tulisimama, mwanzi ukitukata mabega, mpaka mkono ukajitokeza kwenye ukingo wa tandiko, ukatikisika, na bangili zikalia.

Tulifika saa kumi na moja na dakika arobaini. Basi lilikuwa bado lipo, kwa kuwa kondakta alikuwa ameona taa zetu mlimani akamzuia dereva. Bibi alilazwa kwenye kiti kirefu cha nyuma, akapelekwa hospitali, akarudi baada ya majuma mengi akitembea kwa mkongojo.

Baada ya tukio lile, mwenzangu alinieleza, familia kadhaa zilihamia bondeni kuwa karibu na basi, na kila iliyohama iliwapunguza waliobaki, ambao tangu mwanzo walikosa barabara kwa uchache wao. Siwezi kuwalaumu waliohama, maana mimi pia nililibeba lile machela. Bibi hakuhama. Alifariki mwaka 2016, na kwa kuwa sensa ya India iliyopangwa kufanyika 2021 iliahirishwa kwa sababu ya Uviko-19 na miaka ikapita bila kufanyika, katika hesabu ya mwaka 2011, iliyobaki kuwa ya mwisho miaka yote hiyo, bado alikuwemo.

Binti yangu bado anangoja nimalizie jibu langu.