Watoto watakwenda kwa baba yao siku za mbalamwezi

Alitaka talaka, na aliitaka wiki hiyohiyo. Alikuwa mwanika dagaa pale mwaloni Kibirizi, Kigoma, mumewe akiwa na mtumbwi wa injini. Ndoa yao ilifungwa kanisani, wakapata watoto watatu. Kila hesabu ya mtumbwi ilipopungua, alipigwa. Nilimsomea kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kumbe imeandikwa kabisa?"

Sheria hiyohiyo, kifungu cha 101, inataka mgogoro upite kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Ukiacha mazingira machache yanayotajwa humo, ombi la talaka lisilo na hati ya baraza kwamba usuluhishi umeshindikana, ile tunayoiita Fomu Namba 3, halisikilizwi. Nilipomweleza hivyo, sura ilimbadilika.

"Wakili, unanirudisha kwa yule mtu?"

"Hapana, mama. Unakwenda kusikilizwa."

Nilisema hivyo huku moyo ukinidunda, maana nayajua mabaraza. Yapo ambayo usuluhishi kwao ni kumwambia mwanamke avumilie, ndoa ndivyo zilivyo, awafikirie watoto. Kumrudisha mtu kwenye ngumi ukaita amani ni kumwonea mara ya pili. Na wakili haruhusiwi kumwakilisha mtu barazani, kwa hiyo siku ile nilimsindikiza hadi ofisi ya kata, nikabaki kwenye benchi nje, chini ya mwembe, nikisikia sauti tu bila maneno.

Bahati yake, mmoja wa wajumbe alikuwa bibi mmoja, mwalimu mstaafu. Huyo ndiye aliyewaomba wenzake wawasikilize wanandoa mmoja mmoja kabla ya kuwakalisha pamoja. Ni jambo dogo, lakini mwanamke anayepigwa hawezi kusema yote huku anayempiga amemkodolea macho. Bibi yule alimuuliza mteja wangu swali ambalo hata mimi sikuwa nimelifikia: pesa za mtumbwi zilikuwa zinakaa wapi? Akajibu kwamba zinakaa kwake, na daftari analo. Wakamwambia alilete.

Nililishika daftari lile baadaye ofisini. Lilikuwa la shule, jalada limetoka, pembe zimejikunja, na kati ya kurasa kulikuwa na magamba makavu yaliyong'aa ukiligeuza kwenye mwanga. Mistari ilikuwa imenyooka: mafuta ya taa ya karabai, petroli, chakula cha wavuvi, kushona wavu, magunia yaliyopakiwa kwenye treni kwenda Dar, nani amekopa na lini amelipa. Mahali pengine peni iliisha, ukaendelea mwandiko wa penseli ya mtoto. Miaka ya kazi ilikuwa humo, na hakuna aliyewahi kumwita mhasibu.

Baraza lilishindwa kuwapatanisha. Lakini sheria inaliruhusu kuambatisha mapendekezo yake kuhusu matunzo, mali na watoto, na hawa waliyaandika. Walisema mke ndiye aliyetunza fedha na hesabu za mtumbwi, na kwamba watoto wakae kwa mama yao ila baba asinyimwe kuwaona. Nimeona fomu nyingi zilizojazwa mstari mmoja tu, "wameshindwa kupatana", na mhuri. Ile ya Kibirizi ilikuwa kazi ya watu waliosikiliza.

Tukafungua shauri mahakama ya wilaya. Majibu ya mume, kupitia wakili wake, yalikuwa yale niliyoyatarajia: mtumbwi, injini, nyavu na nyumba ya Gungu ni jasho lake, mke alikuwa mama wa nyumbani akisaidia kuanika dagaa. Kifungu cha 114 kinaiangalia michango ya kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi, na tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani nazo ni mchango. Watu hupenda kulitaja shauri lile kama ushindi wa Bi Hawa. Yeye mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa sababu mumewe alishampa fedha za kujenga nyumba akazitumia vingine. Alichoacha ni kanuni, na wanawake wengi wamekula matunda yake.

Mume alipopanda kizimbani sikumuuliza habari za kipigo. Shahidi wa hilo alikuwepo, na cheti cha hospitali kilikuwepo. Nilimuuliza injini.

"Mliinunua kwa fedha zilizokuwa zimehifadhiwa wapi?"

"Kwa mama watoto."

"Kwa nini kwake, si kwako?"

Akamwangalia wakili wake, akaniangalia. "Mimi naingia ziwani usiku. Yeye ndiye anayejua hesabu."

Nikamwambia Mheshimiwa sina swali zaidi. Katika maswali ya dodoso, yale ya kumhoji shahidi wa upande wa pili, kishawishi ni kuendelea, kuongeza moja la kumaliza, na hilo moja ndilo humpa shahidi nafasi ya kujitetea.

Shauri lilipoahirishwa, wakili mwenzangu, yule wa mume, alinifuata kwenye korido. Alijua kilichotokea. Alijua pia kwamba wakati ule Kigoma haikuwa na Mahakama Kuu yake, rufaa zilikwenda Tabora, na safari ya Tabora kwa mvuvi ni siku bila samaki. Tukaomba muda wa kuzungumza. Talaka yenyewe haitolewi kwa makubaliano, kwa kuwa mahakama lazima ijiridhishe kwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na ushahidi huo tulishautoa. Kilichobaki kuongelewa ni mali na watoto.

Mali ilikwenda upesi kuliko nilivyodhani. Nyumba kwa mama, mtumbwi na nyavu kwa baba, naye amlipe mama sehemu ya thamani ya injini kwa awamu. Watoto ndio waliotukalisha hadi jioni. Sheria ina dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka saba akae na mama yake, lakini hao wakubwa wawili walimpenda baba yao, na binti wa kwanza alilisema hilo waziwazi. Wakili mwenzangu alipendekeza kila mwisho wa wiki wa pili. Mume akatikisa kichwa.

"Mwisho wa wiki wa giza mimi niko ziwani. Watoto watamkuta nani?"

Mteja wangu, ambaye tangu asubuhi hakuwa amemsemesha, akasema, "Waende kwenye mbalamwezi." Mwezi ukiwa mkubwa karabai hazivuti dagaa, mitumbwi inalala pwani. Alijua vizuri siku ambazo mwanamume yule anakuwa nyumbani, na alijua pia ni siku za pombe. Ndiyo maana akaongeza sharti: makabidhiano yafanyike kwa bibi yao mzaa baba, Ujiji, na watoto walale kwa bibi huyo. Mume akakubali. Tukaandika.

Hakimu aliisoma hati ile, akafika kwenye kifungu cha mbalamwezi, akavua miwani. Hukumu yoyote ambayo yeye mwenyewe angeiandika ingekuwa na tarehe. Aliuliza itakuwaje mwezi mpevu ukiangukia siku za shule. Wote wawili wakajibu: Ijumaa jioni inayofuata, warudi Jumapili kabla ya saa kumi na mbili. Akaongeza maneno hayo kwa mkono wake pembeni mwa hati, akawataka waweke saini hapo pia, na makubaliano yakaingizwa kwenye amri ya mahakama pamoja na talaka.