Jinsi tulivyoipita Route 66 ya zamani katika jangwa la Mojave

Watu wengi wakitoka kaskazini mwa Arizona, Marekani, kwenda Los Angeles hupita Interstate 40, barabara kuu ya kisasa, na kulimaliza jangwa la Mojave la California bila kusimama. Mimi pia nilikuwa napita hivyo. Februari iliyopita tukaamua kuchepuka na kufuata barabara ya zamani yenyewe, Route 66, iliyotoka Chicago hadi Los Angeles; sisi tulichukua kipande cha Amboy hadi Barstow. Tulikuwa na kitabu cha mwongozo cha mtumba, chenye maelezo maili kwa maili.

Tulichagua Februari kwa makusudi, maana kiangazi joto la huko linapita nyuzi 40 na mtandao wa simu ni wa kubahatisha. Tulijaza tanki Needles, tukabeba maji mengi kuliko tuliyodhani tutakunywa, tukakagua upepo wa tairi la akiba. Jambo la muhimu kuliko yote ni kuangalia matangazo ya kaunti ya San Bernardino kuhusu barabara zilizofungwa. Kitabu ni cha miaka mingi, hakijui daraja lipi limesombwa na mafuriko. Upande wa mashariki wa Route 66 ulikuwa umefungwa, kwa hiyo tukatoka Interstate 40 kwa Kelbaker Road, tukashuka kusini mpaka tukaikuta lami ya zamani. Hapo nikarudisha mita ya safari kwenye sifuri, maana kitabu huhesabu maili kutoka njia panda.

Kazi tuligawana: mimi usukani, mama Neema kitabu. Alisoma kila mara aya moja mbele, ili tujue tunachokikaribia kabla hatujakipita. Bila mpangilio huo ungeliona jangwa tupu tu.

"Baba Neema, punguza mwendo. Kitabu kinasema tuangalie tuta la kulia."

Nikaegesha, tukashuka. Upande wa kaskazini wa barabara kuna tuta la udongo na kokoto. Wasafiri wamepanga mawe meusi juu yake wakaandika majina yao, na wengi wanaopita huyaona hayo majina basi. Sisi tulilifuata tuta kwa miguu, tukaona linakwenda mshazari hadi kwenye daraja fupi la mbao. Hapo ndipo nilipoelewa. Mvua hapa ni ya nadra, lakini ikinyesha milimani maji hushuka kwa ghafla, na ardhi ngumu haiyanywi. Wahandisi wa zamani walijenga matuta yakusanye maji hayo na kuyaelekeza chini ya madaraja, la sivyo lami yote ingekwenda. Madaraja ya namna hiyo katika jangwa hili ni zaidi ya 100. Nguzo nilizozishika zilikuwa zimepasuka kwa jua, na huko juu magari bado yanapita. Ndiyo maana nawasihi wanaokwenda: msichimbe wala kung'oa mawe ya tuta. Lina kazi.

Amboy tulikaa muda mrefu. Njia ya reli ilifika huku mwaka 1883, na vituo vikapewa majina kwa mpangilio wa alfabeti kutoka magharibi: Amboy, Bristol, Cadiz, Danby, Essex, Fenner, Goffs. Mimi ni mtoto wa Itigi, nimekulia kando ya Reli ya Kati, kwa hiyo mji ulioota kwa sababu ya treni naujua. Route 66 ilipoanzishwa mwaka 1926 ikafuata reli hiyo hiyo. Roy's, mahali pa mafuta, chakula na vyumba, ilistawi hapo kwa wasafiri, na bango lake refu lilisimamishwa mwaka 1959. Mwaka 1973 Interstate 40 ikafunguliwa kaskazini, na magari yakahama. Maji ya ardhini hapa ni ya chumvi. Jirani wanavuna chumvi kwenye ziwa kavu la Bristol.

Magharibi kidogo ni Amboy Crater, kilima cha volkano chenye urefu wa mita 75 hivi. Tulipanda asubuhi kabla jua halijakaza. Kisha kitabu kikatupeleka Bagdad, ambapo mji haupo tena. Kati ya 1912 na 1914 palikaa siku 767 bila mvua. Tulisimama dakika chache tu, treni ndefu ya mizigo ikapita.

Kutoka hapo hadi Ludlow lami ni mbovu, mashimo mengi, na nilikwenda taratibu sana. Baada ya Ludlow barabara inakwenda sambamba na Interstate hadi Newberry Springs na Daggett, na mambo ya kuona ni machache. Barstow, lakini, msiikimbie. Jengo la stesheni la Casa del Desierto, lililofunguliwa mwaka 1911, sasa lina makumbusho ya Route 66. Angalieni kwanza siku zake za kufungua. Essex na shule ya Goffs ya mwaka 1914, zilizo upande ule wa mashariki uliofungwa, tumeziwekea alama kitabuni, tutakwenda madaraja yakifunguliwa.