Agrafu 300 na miguu ya Papa

Saa kumi na moja na nusu asubuhi nimeshaamka na ninahesabu. Kuna anayeamka akasali. Mimi nasali huku nahesabu agrafu, kumi kumi, kila fungu limefungwa kwa waya. Leo ni 300. Ni nondo ya milimita 6 iliyokunjwa umbo la U, miguu sentimita 17 na nusu, mgongo sentimita 5. Nondo moja ya mita 12 inanipa 30 bila kubakiza kitu. Wengine wanaziita pini za bustani. Mimi nimekulia Goma, Kongo, kwangu ni agrafu.

Nikisema kazi yangu ni kutandika gazoni, watu wanacheka. "Unalipwa kupanda majani? Majani si yanajiotea?" Yanajiotea kwa wenye udongo. Sisi tumejenga juu ya jiwe. Lava ya volkano ya Nyiragongo, ya Januari 2002, ilikatiza mji hadi ziwani, ya Mei 2021 ikaishia upande wa Buhene, na chini ya hizo kuna nyingine ambazo hakuna mzee anayezikumbuka. Udongo hapa unanunuliwa kwa fuso, sawa na mchanga. Pasipalumu, majani yenyewe ya gazoni, inakatwa upande wa Sake, vipande vya sentimita 30 kwa 30, na kipande kikishakatwa hakina mzizi wa kushika chochote. Wiki mbili au tatu za kwanza kimelala tu kama mkeka. Mvua moja ya usiku kwenye mteremko, mkeka unahamia ziwani. Agrafu inaushikilia mpaka mizizi iweze kujishikilia yenyewe.

Saa moja niko Kyeshero kwa mama mmoja anayelima mboga nyuma ya nyumba. Upepo wa ziwa umemng'olea tena neti ya sombe changa, majani ya muhogo, na kuku wa jirani wameshafanya sherehe. Alikuwa ameibana kwa mawe. Neti huinuka katikati ya jiwe na jiwe, upepo ukishapata mlango basi imekwisha. Nakunja ukingo mara mbili, naweka kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli ili chuma kisichane nyuzi, kisha agrafu kila nusu mita, za fungu la kando, si zile 300. Vitanda vyake vina udongo mzuri, mweusi, zinaingia kwa kiganja tu. Nusu saa. Ananipa chai ya maziwa na mandazi mawili, pesa "mwisho wa mwezi, mwanangu." Sawa, mama.

Saa tatu kasoro, Himbi. Chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, imeshashusha mzigo wa mwisho wa majani getini, na mdogo wangu wa kazi anamwagia maji asubuhi hiyo hiyo ya baridi, maana pasipalumu ikikauka pembeni inajikunja na haikubali tena kulala. Mita za mraba 60, mteremko kuelekea ziwani. Hesabu yangu ni agrafu nne kwa kila mita, 240, na 60 za akiba. Vipande vinapangwa kukatisha mteremko, safu ya pili inaanzia katikati ya kipande cha safu ya kwanza, kama fundi anavyopanga matofali, ili maji yasipate njia iliyonyooka ya kushukia. Safu sita zilikwenda bila shida. Nilianza hata kuimba.

Safu ya saba, agrafu ikalia. Nyundo ikigonga chuma kinachoshuka udongoni, sauti ni nzito, imefunikwa. Kikikutana na jiwe kinalia kama kengele ya shule. Nikasogeza vidole viwili kulia. Kengele. Kushoto, kengele. Nilikuwa nimemwambia mwenye nyumba tangu wiki iliyopita: Papa, leta fuso mbili za udongo, tupate sentimita 20. Akaleta moja. Fuso moja kwa eneo lile ni sentimita 10, na mimi nina miguu ya sentimita 17 na nusu. Hesabu hiyo hata mtoto wa shule ya msingi anaiona.

Na ndipo Papa mwenyewe akatoka nyumbani.

Ni mzee wa heshima, sitamsema vibaya. Akasimama juu ya majani, akatazama agrafu tatu zilizobaki zimechomoza kama meno, akauliza polepole: "Fundi, hivi ni vyuma?"

"Ndiyo, Papa. Vinashika majani."

"Nilinunua majani. Vyuma nilinunua lini?"

Nikaeleza. Mteremko, mvua, mizizi. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akavua viatu. Akavua na soksi. Akaanza kutembea juu ya safu sita nilizomaliza, hatua fupi fupi, kama mtu anayevuka mto usiku. "Hapa." Nikainama, nikagonga. "Na hapa." Nikagonga. Agrafu inatakiwa izame mpaka mgongo wake ulingane na udongo, usiuone wala usiuguse, na zangu zilikuwa zimezama. Lakini mguu wa Papa ulikuwa unasikia vitu ambavyo mkono wangu hausikii. Aliusikia ubaridi wa chuma, nadhani. Safu sita zilichukua zaidi ya saa nzima, na jua sasa lilikuwa juu ya migongo yetu.

Nilikuwa karibu kumjibu vibaya. Mdogo wangu akanikonyeza, nikanyamaza, na ndipo Papa akasema sababu. Kuna mtu alimtandikia gazoni kabla yangu, akaacha vyuma vimechomoza. Mashine ya kukatia majani ikavunja kisu. Hilo angelisamehe. Mjukuu wake akakanyaga, akashonwa nyuzi nne chini ya unyayo. Baada ya hapo alimwagiza mtu ang'oe majani yote.

Basi, utamjibu nini mtu wa namna hiyo? Mimi pia nina mtoto anayekimbia bila viatu.

Ikawa saa saba, au nane, sikuangalia tena simu. Nikachukua baramine, mtaimbo wa chuma, nikaanza kutafuta nyufa za jiwe. Lava haiko sawa kama sementi, ina matundu na mipasuko iliyojaa udongo, na ukiupata mpasuko, agrafu ndefu inazama na kushika kuliko hata kwenye shamba. Lakini mpasuko hauko pale unapoutaka. Penye jiwe tupu dawa ni moja: kukata miguu ibaki sentimita 8, ncha ikatwe mshazari iwe kali, kisha zipigwe mbili mbili zikiinama, moja kulia moja kushoto, miguu ipishane ndani ya udongo. Koleo langu kubwa la kukatia chuma nimemwazima rafiki, na rafiki hapokei simu. Umeme haukuwepo, kwa hiyo mashine ya kukatia nayo ilikuwa pambo. Tukabaki na msumeno wa chuma na mikono. Agrafu moja ina miguu miwili. Tulikata sitini na kitu. Fanya hesabu mwenyewe ya mara ngapi msumeno ulikwenda na kurudi, mimi bega langu limeshaifanya.

Chakula kilikuja, ugali na sambaza, vidagaa vya ziwani, nikala nimesimama. Papa akaketi kwenye kiti chini ya mwavokado, miguu bado mitupu, akingoja safu inayofuata. Tukimaliza moja, anainuka. "Hapa." Kuna wakati nilianza kumwitia mwenyewe: Papa, njoo upime. Mdogo wangu akacheka mpaka akaketi chini.

Karibu na ngazi za mawe aliniambia, "Agrafu hizi zina kutu." Ndiyo, na nilimwambia ukweli: nondo isiyopakwa zinki inapata kutu, na kutu inaukwaruza udongo na kuushika, haichomoki kirahisi. Inayong'aa inadumu zaidi lakini inateleza. Kwa mteremko nachagua kutu. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeuziwa samaki wa jana, ila hakubisha.

Giza linaanza kuingia tunamwagilia mara ya mwisho, bidoni ishirini kutoka ziwani. Kisha kuhesabu. Hapa ndipo wenye haraka wanapokosea, na ndipo yule aliyenitangulia alipokosea. Zilizoingia ardhini nimeziandika safu kwa safu kwenye karatasi: 271, kwa sababu fupi zinakwenda mbili mbili. Zilizorudi mfukoni: 28. Nikajumlisha. Nikajumlisha tena. 299.

Tulitafuta kwa tochi za simu. Nina sumaku niliyoitoa kwenye spika iliyokufa, nimeifunga kwenye fimbo. Nikaipitisha ngazini, getini, chini ya mwavokado. Ikaokota vumbi la nondo na kifuniko cha soda. Mdogo wangu alisema labda nilihesabu vibaya asubuhi. Sikuhesabu vibaya asubuhi. Nikaenda kumwambia Papa: moja haijaonekana, watoto wasiingie bustanini kabla sijarudi kesho. Akaniangalia muda mrefu, akasema tu, "Haya, Fundi. Pumzika."

Nikapanda pikipiki mpaka nyumbani, mkono wa kulia umekufa ganzi, mke wangu akanifungulia vifungo vya shati kama mtoto. Nilikuwa sijamaliza kula simu ikalia. Picha: agrafu ndefu, imelala kwenye changarawe kando ya geti pale chukudu ilipokuwa imesimama, na pembeni yake unyayo mtupu wa mzee, umemulikwa na tochi. Chini ameandika:

"Nimeipata. Kesho uje uichukue. Na kona ya mwavokado bado inachoma."