Kaandika "mshahara", kafunga daftari

Jumapili jioni niko barazani na Bi Mkubwa tunachambua mchicha, akaja binti wa kaka, yule wa fomu wani, na daftari na rula. Shuleni wamepewa kazi, kila mmoja amuulize mtu mzima anafanya kazi gani na nini kinamsukuma kuifanya. Kanichagua mimi. Akakaa kwenye ngazi, akaandika tarehe, akaandika MWANASAYANSI kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini yake taratibu kabisa.

"Shangazi, nini kinakusukuma kufanya kazi yako?"

Nkamwambia, "Mshahara mama. Luku inanunuliwa na nini?"

Akaandika. Mshahara. Akangoja kidogo kalamu iko juu ya karatasi, mimi macho nishayarudisha kwenye mchicha. Akafunga daftari, ahsante shangazi, akavuka barabara kwa jirani yetu fundi cherehani, na yule mama alimweleza nusu saa nzima, nawaona kutoka barazani, kitambaa kinakunjuliwa, mikono inakwenda, mtoto anafungua ukurasa wa pili.

Wiki nzima imepita hivyo. Mradi wetu wa mbu wa malaria umeongezewa miaka miwili, binamu kaolewa Pangani tumekwenda wote tumerudi, na mimi kichwani nina ile kalamu inayongoja. Kwenye daladala namjibu upya, nikiosha vyombo namjibu upya, kila jibu refu kuliko la kwanza na yeye mwenyewe hayupo.

Kinachouma ni kwamba sikumdanganya. Mshahara nauhitaji, mlionifuata tangu enzi za mikataba ya miezi mitatu mitatu mnajua tulivyokuwa tunaishi hapa Ngamiani, Tanga. Ila sijawahi kubaki maabara mpaka saa mbili usiku kwa ajili ya mshahara, masaa hayo hakuna anayeyalipa. Na wale wanaoniuliza kwa heshima huwa wanangoja niseme habari ya mdogo wetu aliyeondoka kwa degedege, nilishaiandika humu na sitairudia. Yule ndiye aliyenifikisha mlangoni, kweli. Lakini miaka kumi na moja baadaye, mbu wa mia mbili wa siku hiyo, mgongo unauma, kinachonifanya nimweke mwingine chini ya hadubini ni kitu kingine, na hicho ndicho nilichomnyima mtoto.

Jumanne nilibaki peke yangu na mbu wa Muheza, wale walionaswa kwenye mitego ya taa alfajiri. Unamlaza jike kwenye tone la maji, unavuta ncha ya tumbo kwa sindano polepole, mifuko ya mayai inatoka, unaiacha ikauke halafu unatazama. Kama hajawahi kutaga, vijimrija vyake vya hewa vimejikunja nchani kama vidonge vya uzi, vidogo, vimekazwa vizuri. Akishatunga mayai ya kwanza mfuko unavimba, vile vidonge vinafumuka, na havijikunji tena mpaka anakufa. Yani mbu mwenyewe anakwambia kama keshazaa! Na hili ni jambo kubwa kwa sababu vimelea vya malaria vikishaingia kwa mbu vinahitaji siku kama 10 mpaka 14 ndo aweze kumpa mtu mwingine, kwahiyo mbu kigori hana shida sana, wa kuogopwa ni bibi. Ukikuta kijiji kina bibi wachache baada ya watu kuanza kulalia vyandarua vyenye dawa unajua hawafikishi umri.

Watafiti Gillies na Wilkes walikuwa wanawapima umri mbu wa huku huku kwetu kaskazini mashariki, kazi yao ilichapishwa 1965. Nikimpata wa kwanza aliyefumuka kila siku moyo unaruka. Jumanne uliruka. Nikasema kwa sauti, na chumba kitupu, "nilitakiwa nimwambie hivi."

Hapo ndo hasira ikanigeuka ikawa hofu maana nilimkumbuka Erasto Mpemba. Shule yake, Magamba, ni hapo juu Lushoto tu. Mwaka 1963 yuko fomu thrii, wanafunzi wanachemsha maziwa na sukari watengeneze aiskrimu, akaona nafasi kwenye friji inaisha, akatia yake ya moto bila kungoja ipoe, na ikaganda kabla ya ile ya mwenzie ambayo haikuwa ya moto. Akauliza. Mwalimu akamwambia umechanganya mambo. Alipofika shule ya Mkwawa akauliza tena, akachekwa, na darasa likapata utani. Ikabidi aje mgeni kutoka chuo kikuu Dar, Denis Osborne, Mpemba akasimama akauliza mara ya tatu, na yule akaenda kulijaribu kweli, 1969 wakachapisha pamoja. Mpaka leo wataalamu wanabishana juu yake. Mimi huwa nafikiria zile mara mbili za kwanza. Yule mwalimu wa kwanza hakuwa mtu mbaya, labda alikuwa kachoka, labda alikuwa na mchicha wake.

Ijumaa nikamwita mtoto, nkamwambia leta daftari nina jibu jingine. Akasema, "Nshakusanya shangazi, nilimwandika fundi." Sawa. Nikamweleza hivyohivyo bila daftari, nikachukua kidonge cha uzi cha yule yule fundi nikamwonyesha, hiki kigori, nikakivuta, hiki bibi. Alikitazama muda mrefu. Akauliza, "Sasa anaweza kutaga mara ngapi? Na ukikuta ametaga mara nne utajuaje si moja?"

Nkamwambia kuna njia, ngumu, nakuja kukuonyesha siku nikikupeleka. Akasema haya, akaenda kwenye tamthilia yake. Mimi nilibaki nimesimama na uzi mkononi na furaha ambayo sijaipata wiki nzima, hata Pangani.

Ila sasa hivi ni saa saba usiku na sijalala kwa sababu ya mguu wa Bi Mkubwa. Umevimba tena, wa kushoto, tangu Alhamisi. Anasema ni viatu vya harusini. Nimeubonyeza leo wakati anasinzia, alama ya kidole ikakaa.