Duara lilikuwa linatoka yai, nimelinyoosha kwa namba moja

Mtu akikwambia CNC yako (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta) ikikosea vipimo lazima ubadilishe mota, muulize kwanza kama yeye hauzi mota. Wa kwangu alikuwa anauza, moja laki na kitu, sikutoa hata mia.

Niko Keko natengeneza milango na vitanda, mashine nimeinunua mkononi mwa mtu, inatumia GRBL (programu iliyo ndani ya mashine inayoziamuru mota), ukichonga ua la duara kwenye mlango wa mninga linatoka limebonyea kama yai. Jamaa mwingine, huyo kwa mdomo humuwezi, akasema kuza mchoro asilimia moja yataisha. Haya, tukakuza. Likatoka yai kubwa zaidi! X (kulia-kushoto) ndo ilikuwa inapunja, Y (mbele-nyuma) haina neno, sasa ukikuza mchoro wote si unakuza na ile isiyo na kosa, ubao wangu wa MDF ukaenda bure na yeye ghafla akakumbuka anaitwa Buguruni.

Kwenye kompyuta, pale pa kuandikia amri za GRBL, nikaandika $$ zikaja setingi zote, nikazipiga picha kwanza (piga picha, usijidai una kichwa). $100 ni ya X, inasema mota ipige hatua ngapi ili mashine isogee milimita moja, $101 ni Y, $102 ni Z (juu-chini). X yangu ilikuwa 80.

Utamu wote uko kwenye kupima, maana wengi wanasogeza milimita 50 wanakadiria kwa macho halafu wanalalamika. Mimi nikafunga biti (kisu cha kuchongea) ya V yenye ncha kali, nikaisogeza kidogo kulia ndo nikatoboa kitundu cha kwanza, lazima iwe imeshaanza kwenda upande uleule unaoelekea, la sivyo ulegevu wa gia unaingia kwenye hesabu (na ulegevu huo GRBL haina setingi ya kuufidia, unakazwa kwa spana). Kisha nikaiamuru iende 600 kulia kulekule, kitundu cha pili. Futi usianzie kwenye kile kibati cha mwanzo, kinacheza kile, anzia alama ya sentimita 10 halafu utoe. 594. Nikarudia upande mwingine wa meza, 594 tena. Basi 80 mara 600 gawa kwa 594, inakuja 80.808, nikaandika $100=80.808 nikabonyeza enta, na inabaki humo hata umeme ukikatika, kwa huku kwetu hilo si jambo dogo.

Baadaye matundu ya kuingizia ulimi yakawa yanatoka mapana kidogo, muuza mota huyo karudi mbio. Nikamwonyesha, tundu la 50 limezidi 0.2, la 300 limezidi 0.2 hiyohiyo. Kosa la hatua linakua na urefu, hili halikui, kwa hiyo ni biti. Imeandikwa 6, lakini nilipochonga mfereji kwa kupita mara moja tu nikaupima kwa vernia ukasoma 6.2, biti inayumba kwenye spindo (kile kichwa kinachoizungusha). Nikaweka kipenyo 6.2 kwenye programu, ulimi sasa unaingia kwa nyundo ya mbao na unasimama bila gundi.

Ah, na kama asubuhi inachonga fresh halafu mchana katikati ya kazi inahama ghafla, usirudi kugusa $100, punguza $120 na $121 (kasi ya kuondokea ya X na ya Y), inaondoka kwa pupa mno mpaka mota inapoteza hatua.