Ujira wa Waliojenga Barabara

Somo la juma: Yeremia 22:13–17

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Safari hii Yeremia hatumwi hekaluni. Mungu anamwambia ashuke mpaka nyumbani kwa mfalme wa Yuda akaseme neno huko huko, mbele ya watumishi wake. Na neno lenyewe, likifika aya ya 13, linahusu ujenzi. Mfalme Yehoyakimu anajijengea jumba: vyumba vipana, madirisha makubwa, mbao za mierezi, rangi nyekundu ukutani. Nabii hana ugomvi na mierezi. Anachotaka kujua ni walioibeba wamelipwa nini. Ole wake, anasema, amtumikishaye jirani yake bila kumpa ujira.

Juma zima nimelisoma andiko hili huku nikimfikiria Joe Higgins, aliyekuwa mbunge wa upinzani wa Ayalandi, ambaye wengi wetu huku hatujapata kumsikia.

Higgins alizaliwa mwaka 1949 huko Lispole, Kerry, pembe ya magharibi ya nchi ile, mmoja wa watoto tisa wa mkulima mdogo. Ujanani alikwenda seminari, akapelekwa Marekani, jimbo la Minnesota, kusomea upadre. Vita vya Vietnam vilikuwa vinaendelea, na maswali aliyokutana nayo kule yakamgeuza njia. Akaacha seminari, akarudi nyumbani, akasoma chuo kikuu, akafundisha, kisha akaingia siasa za kisoshalisti. Mwaka 1997 watu wa Dublin Magharibi wakampeleka Dáil, yaani bunge la Ayalandi. Kwa miaka kumi iliyofuata alikuwa mbunge pekee wa chama chake katika bunge la watu 166.

Mbunge wa namna hiyo hawezi kupitisha sheria wala kuiangusha serikali. Alichonacho ni zamu ya kuuliza, na hata hiyo zamu haikuja bure: baada ya uchaguzi wa 2002, wabunge wa vyama vidogo na wasio na chama walijiunga kundi moja ili kanuni za bunge ziwape nafasi ya kumwuliza Waziri Mkuu ana kwa ana.

Mapema Februari 2005, wiki ileile ya Jumatano ya Majivu, Higgins aliitumia zamu hiyo kumweleza Waziri Mkuu Bertie Ahern habari za wajenzi wa Kituruki. Miaka ile uchumi wa Ayalandi ulikuwa unapaa, kila mahali pana barabara mpya, nyumba mpya, mitambo mipya ya umeme. Kampuni ya ujenzi kutoka Uturuki, Gama, ilikuwa imepata kazi nyingi za umma na kuleta mamia ya wafanyakazi. Walilala kwenye mabweni ya kampuni na kula chakula cha kampuni. Kibali chao cha kazi kilitolewa kwa jina la mwajiri, kwa hiyo aliyegombana na mwajiri amegombana na kibali chake cha kuishi nchini.

Higgins alidai kwamba watu hawa walikuwa wakipewa mkononi euro 2 au 3 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara kwa sheria ya nchi kilikuwa euro 7, na kazi ya ujenzi ilikuwa na makubaliano yake yaliyo juu ya hapo. Alisema kuna waliofanya kazi hadi saa 80 kwa wiki. Kampuni ilikana. Waziri wa ajira wa wakati huo, Micheál Martin, akawatuma wakaguzi wa kazi, na kampuni ikaenda Mahakama Kuu kutaka ripoti yao isichapishwe.

Kisha likatokea jambo ambalo kila nikilisoma natulia kidogo. Ilibainika kwamba kulikuwa na akaunti katika benki moja ya Amsterdam, Uholanzi, zimefunguliwa kwa majina ya wafanyakazi wenyewe, na fedha zimekuwa zikipelekwa huko. Wafanyakazi wengi walisema hawakujua kama wana akaunti Uholanzi. Walikumbuka tu kwamba siku moja waliwekewa mbele karatasi za Kiingereza, wakaonyeshwa pa kutia sahihi.

Yakobo aliandika juu ya ujira wa wavunaji uliozuiwa kwa hila, unaopiga kelele hadi masikioni mwa Bwana wa majeshi (Yakobo 5:4). Sisi tukisikia dhuluma tunamwona mtu mwenye panga au bunduki. Yakobo anaona hesabu. Anaona mtu aliyevaa vizuri, mwenye kalamu, anayeweza kukuonyesha kwenye daftari kwamba umelipwa, nawe huna hela ya kumtumia mama yako.

Na tusisahau ilikuwa juma gani. Siku zilezile Wakristo wa Ayalandi walipakwa majivu kwenye paji la uso na kuanza kufunga. Katika Kanisa Katoliki, Ijumaa baada ya Jumatano ya Majivu husomwa Isaya 58, pale watu wanapomlalamikia Mungu kwamba wamefunga na yeye hatazami. Jibu lake halizunguki: siku ya mfungo wenu mnafuata mambo yenu na kuwalemea wote wanaowafanyia kazi. Naamini wapo waliolisikia somo lile kanisani na asubuhi yake wakapita na gari juu ya barabara iliyojengwa na watu hao. Siwanyoshei kidole. Barabara haina alama ya kuonyesha kama fundi wake alilipwa.

Wajenzi waligoma, wakaandamana mpaka mbele ya bunge. Fedha za Amsterdam zikaanza kutoka, na Mahakama ya Kazi ikapendekeza walipwe fidia ya saa za ziada kwa kila mwaka waliotumika. Mwaka 2006 ikapitishwa sheria mpya ya vibali vya ajira: kibali anapewa mfanyakazi mwenyewe, na mwajiri amekatazwa kumshikia hati zake au kumkata gharama za kumleta. Mwaka uliofuata ikaanzishwa mamlaka ya taifa ya haki za ajira, na idadi ya wakaguzi ikaongezwa. Kazi hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Vyama vya wafanyakazi vilisukuma, na mwisho wa 2005 makumi ya maelfu waliingia barabarani Dublin kwa sababu ya mabaharia ambao mwajiri wao alitaka kuwaondoa ili achukue wa bei rahisi. Lakini ilibidi mtu kwanza aitamke ile euro 2 ndani ya nyumba ambayo kila neno linaandikwa na kuhifadhiwa.

Habari ya huduma za umma kwa Higgins haikuwa mbali na hii. Septemba 2003 alikuwa amefungwa mwezi mmoja katika gereza la Mountjoy kwa kukaidi amri ya Mahakama Kuu iliyokataza kuyazuia magari ya taka huko Fingal, eneo lililo jirani na jiji la Dublin. Halmashauri ilikuwa imeanza kuziruka nyumba ambazo hazijalipa ada ya taka. Hoja yake ilikuwa kwamba wafanyakazi wameshalipia usafi kupitia kodi, na ada hiyo ni mlango wa kuikabidhi kazi kwa kampuni binafsi. Kuvunja amri ya mahakama ni jambo zito, na waumini wenye dhamiri safi wanaweza kutofautiana juu yake. Ila tazameni kilichofuata jirani tu: Januari 2012 jiji la Dublin liliacha kuzoa taka za majumbani na kuiachia kampuni binafsi, na Juni 2014 wazoaji taka wakafungiwa nje ya lango la kazi kwa sababu ya mpango wa kuwapunguzia mshahara, kwa baadhi yao zaidi ya theluthi. Huduma ya umma ikiuzwa kwa anayetoza kidogo, mara nyingi hicho kidogo kinatoka mfukoni mwa aliyeshika ufagio.

Samweli alipokuwa mzee alisimama mbele ya Israeli yote akasema, nishuhudieni: nimetwaa ng'ombe wa nani, punda wa nani, nimemdhulumu nani? (1 Samweli 12:3). Ni viongozi wachache wanaothubutu kuuliza swali hilo mbele ya umati. Higgins, muda wote wa ubunge, alijiwekea sharti la kuishi kwa kiasi sawa na mshahara wa kawaida wa mfanyakazi. Kilichozidi kilikwenda kwenye chama na mapambano ya watu. Unaweza kukataa siasa zake zote, na mimi yapo ya usoshalisti nisiyokubaliana nayo. Lakini akisimama kuuliza mshahara wa fundi, hakuna aliyeweza kumwambia, je wewe?

Najua kuna mpendwa atakayesema: mtu huyu hakuwa akihubiri Injili, tunamleta kwenye tafakari kwa nini? Namrudisha kwenye somo letu. Aya ya 15 na 16 Yeremia anamkumbusha Yehoyakimu habari za baba yake, Yosia. Alikula na kunywa kama wafalme wengine, hakuishi kwa nzige nyikani. Lakini aliamua mashauri ya maskini na mhitaji kwa haki. Kisha Mungu anauliza swali ambalo lingetutosha mwaka mzima: je, huko siyo kunijua mimi? Hakutaja sadaka za Yosia, wala ile Pasaka kuu aliyoiadhimisha. Alitaja shauri la maskini lililosikilizwa.

Baadhi yenu mnaoisoma tafakari hii mko Muscat, Doha, Riyadh. Mnajua maana ya kutia sahihi mkataba wa Kiarabu usioweza kuusoma, na pasipoti kulala kwenye droo ya bosi. Tunawaombea kwa majina katika kikundi, na tutaendelea. Lakini tukiwaombea ninyi Jumatano usiku, Alhamisi asubuhi tunamkuta jikoni dada wa kazi ambaye mshahara wake wa miezi sita "anatunziwa". Tunamwambia hela zako zipo salama, utazikuta siku ya kwenda kwenu. Na siku ya kwenda kwao zinahesabiwa upya: sahani iliyovunjika, dawa ya malaria, nauli. Huyo binti ana akaunti yake Amsterdam.

Kanisani napo. Mlinzi wa usiku, mwalimu wa chekechea ya kanisa, mama anayepika siku za semina: mara ngapi wameuliza malipo yao wakajibiwa kwamba hii ni huduma, Mungu atawalipa? Mungu atawalipa kweli, naye anajua vilevile nani alipaswa kulipa kabla yake. Torati ilisema kibarua apewe ujira siku ileile, jua lisichwe juu yake, kwa kuwa ni maskini na moyo wake umeutegemea (Kumbukumbu la Torati 24:15).

Ombi langu kwa juma hili ni dogo. Kila kikundi cha nyumbani kitakapokutana, kabla ya maombi, kila mwenye kumwajiri mtu ataje moyoni mwake jina la huyo mtu, kiasi anachomlipa na tarehe aliyomlipa mwisho. Wazee wa kanisa wafanye hivyo kwa sauti, kwenye kikao, mhasibu akiwapo na daftari. Anayedaiwa alipe kabla ya Jumapili.

Tuombe.

Bwana wa majeshi, uliyesikia kilio cha wavunaji, wasikie walioko ugenini na hati zao zimeshikwa na wengine. Wape wakaguzi wa kazi wa nchi zetu ujasiri wa kufungua milango wanayofungiwa. Wabunge wetu, wa chama tawala na wa upinzani, uwape ulimi wa kutaja viwango vya mshahara bila kuogopa wenye kandarasi. Wakumbuke wazoaji taka, wauguzi, walimu wa chekechea na wafagiaji wa barabara. Nasi tulio na watu nyumbani mwetu wanaongoja mwisho wa mwezi, utufungue mikono leo, kabla jua halijatua. Kwa jina la Yesu aliyefanya kazi ya useremala. Amina.