Mwanga wa Chini na Matuta ya Harris

Kesho asubuhi tutapanda feri hapa Stornoway kwenda Ullapool, na safari yetu ya kupiga picha za mandhari katika nyanda za juu na visiwa vya magharibi mwa Uskoti itakuwa imekwisha. Nimezipitia picha zote mara moja tu, bila kufuta hata moja, na kabla sijaanza kuzichambua nataka kuandika jambo ambalo limenikaa moyoni tangu tulipofika Harris, sehemu ya mojawapo ya visiwa hivyo: nchi hii ambayo wapiga picha huijia kwa sababu ya utupu wake ilikuwa na watu, na mwanga uleule tunaoamka alfajiri kuusubiri ndio unaoionyesha mikono yao juu ya ardhi.

Nianze na mwanga, kwa kuwa ndio uliotukusanya. Mimi nimekulia Lushoto, ambako jua hupanda karibu wima na kuzama karibu wima, na mpiga picha hupata muda mfupi tu asubuhi na jioni kabla mwanga haujawa mkali au giza halijaingia. Huku, karibu na latitudo ya nyuzi 58 kaskazini, jua la mwisho wa Oktoba halipandi bali hutembea kando ya upeo wa macho. Saa sita mchana huwa chini kuliko linavyokuwa kwetu saa mbili asubuhi. Vivuli ni virefu mchana kutwa, na kila kinundu cha ardhi, hata kile ambacho mguu hauwezi kukihisi, huwa na upande wake wa mwanga na upande wake wa kivuli. Kiongozi wetu, ambaye amekuwa akileta vikundi hapa kwa miaka mingi, alitueleza tangu siku ya kwanza kwamba tusihangaike na rangi za machweo, kwa sababu hazina ya visiwa hivi ni huu mwanga wa ubavuni. Nilimwelewa vizuri zaidi baadaye kuliko siku ile.

Tulianzia Glencoe, na kuhusu Glencoe sina mengi ya kusema. Mvua ilinyesha karibu muda wote. Buachaille Etive Mòr, mlima wenye zaidi ya mita 1,020 unaosimama kama piramidi mahali bonde linapokutana na nyika ya Rannoch, ulijitokeza kwa muda mfupi kisha ukafunikwa tena. Tulisimama kando ya maporomoko madogo ya maji ambako kila kikundi husimama, tukapiga picha ambayo kila mtu huipiga, na ninakiri kwamba ni picha nzuri. Hata hivyo, bonde lile ndilo ambalo tarehe 13 Februari 1692 askari waliokuwa wamelala na kula katika nyumba za ukoo wa MacDonald waliwageukia wenyeji wao alfajiri na kuwaua, na wengine wakafa kwa baridi walipokimbilia milimani wakati wa theluji. Nilipokuwa nikifuta matone kwenye lenzi nilikuwa nikiwaza hilo, lakini sikuona namna ya kulitia katika picha.

Kisiwa cha Skye kilitupokea kwa upepo. Kule Quiraing, ambako upande mzima wa mlima umeporomoka na kuacha minara, mabonde na majukwaa ya nyasi, ilibidi tuining'inize mifuko yetu chini ya stendi za kamera ili zisitikisike. Rangi ya nyasi na kangaga zilizokauka, kati ya dhahabu na kutu, ilikuwa kitu ambacho sijawahi kukiona kwetu, na ningeweza kukaa pale juma zima. Jioni hiyo, tukiwa mezani, kiongozi alitaja vijiji viwili vya kusini mwa Skye, Boreraig na Suisnish, ambavyo wakazi wake walifukuzwa mwaka 1853 ili ardhi ifugiwe kondoo. Aliyasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesimulia habari za jirani, kisha akaendelea na ratiba ya feri ya kutoka Uig, hapo Skye, kwenda Tarbert, bandari ya Harris.

Harris ndiyo iliyonibadilisha namna ya kutazama. Lewis na Harris ni majina mawili ya kisiwa kimoja, lakini Harris ni upande wa milima, na upande huo nao una nyuso mbili zisizofanana kabisa. Magharibi kuna fukwe za Luskentyre, zenye mchanga mweupe uliotokana na magamba ya viumbe wa bahari yaliyosagika kwa karne nyingi, na mchanga huo ukipeperushwa na upepo kwenda nchi kavu nyuma ya ufuo hulainisha udongo na kuufanya uote majani mazuri ya malisho. Tulifika wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa mbali, na mchanga uliolowa ukarudisha taswira ya mawingu na ya kisiwa cha Taransay kilichoko ng'ambo, ambacho hakikaliwi tena na mtu. Kila mmoja wetu alijitenga na mwenzake. Kwa saa kadhaa hakuna aliyezungumza, na nadhani hakuna aliyehitaji.

Pale ndipo kiongozi alipotufundisha kutumia kichujio cheusi, kile kinachopunguza mwanga kiasi cha kuiwezesha kamera kuacha shata, yaani kilango cha kuingizia mwanga, wazi kwa dakika mbili au zaidi mchana. Mawimbi hugeuka kuwa ukungu na mawingu huwa michirizi. Nilipoitazama picha yangu ya kwanza nilishangaa kwa jambo jingine: wakati shata ikiwa wazi, mama mmoja alikuwa amepita ufukweni na mbwa wake, kutoka upande mmoja wa fremu hadi mwingine, na katika picha hakuwepo. Hakuacha hata kivuli. Anayetembea mbele ya kamera iliyofunguliwa kwa muda mrefu hufutika, kwa sababu hakai mahali pamoja muda wa kutosha kuandikwa. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo wa sanaa hii. Mwaka 1838 Louis Daguerre alipoipiga picha barabara ya Boulevard du Temple mjini Paris, wapita njia na magari ya farasi hawakuonekana, akabaki mtu mmoja tu aliyekuwa amesimama akipigwa kiwi viatu. Niliwaza sana juu ya chombo ambacho, kwa kufuata tu sheria zake za kawaida, kinaweza kumpa mtu ufuo mtupu mahali ambapo watu wanapita.

Siku iliyofuata tulivuka kwenda mashariki, eneo linaloitwa Bays. Sijui niieleze vipi ardhi ile. Ni mwamba mtupu wa kijivu, wa aina ya nisi, wenye umri unaofikia miaka bilioni tatu, uliokwanguliwa na barafu za kale hadi udongo ukaisha. Katikati ya miamba kuna madimbwi meusi na viraka vya mboji iliyolowa maji, ambayo wenyeji huikata kama matofali na kuikausha iwe kuni. Mchana jua lilitokea chini ya wingu na kuipiga ile ardhi kwa ubavu. Ghafla nikaona mistari. Kwenye kila mteremko mdogo, kwenye kila upenyo kati ya mawe, palikuwa na matuta yaliyopangwa sambamba, mengine marefu, mengine yasiyozidi urefu wa mtu aliyelala, yakiwa yamefunikwa na nyasi lakini yakisomeka wazi kwa vivuli vyake. Wingu liliporudi, yakatoweka. Lilipofunguka, yakarudi.

Matuta hayo kwa Kigaeli huitwa feannagan. Watu waliyajenga kwa kubeba mwani kutoka pwani migongoni, kuulaza juu ya mwamba na mboji, na kuufunika kwa udongo waliouchimba pembeni, hadi wakapata kina cha kutosha kupanda viazi na shayiri. Hakuna mtu ambaye angechagua kulima hivyo kama angekuwa na mahali pengine. Walikuwa na mahali pengine: wengi wao walitoka upande wa magharibi, kwenye ardhi ile nzuri nyuma ya fukwe tulizozipiga picha jana yake, wakaondolewa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 ili wenye ardhi wakodishe mashamba makubwa ya kondoo. Baadhi walipanda meli kwenda Kanada. Waliobaki walipewa miamba. Na kwa sababu miamba haina kina cha kuchimba kaburi, waliendelea kuwabeba wafu wao mabegani, wakivuka milima kwa njia ambayo hadi leo inatembewa na wageni, wakawazike magharibi, kwenye mchanga wa Luskentyre, katika ardhi waliyonyimwa walipokuwa hai.

Nilimtumia mjomba wangu aliyeko Mlalo picha moja ya mteremko ule, bila maelezo yoyote. Yeye ni mkulima, na amelima maisha yake yote kwenye miteremko ya Usambara. Alinipigia usiku huohuo. Hakuuliza niko nchi gani wala hakusifu picha. Aliniambia, "Hapo palilimwa, mwanangu. Walipanda nini kwenye mawe hayo?" Nilipomweleza habari ya mwani na viazi alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama watu hao walirudishiwa ardhi yao. Nilimjibu kwa kadiri nilivyojua: kwamba baada ya machafuko ya wakulima wadogo, yakiwemo yale ya Braes kule Skye mwaka 1882, bunge la Uingereza lilitunga sheria mwaka 1886 iliyowalinda wasifukuzwe ovyo, na kwamba mwaka 2003 wakazi wa North Harris waliinunua ardhi wanayoishi na sasa wanaimiliki kwa pamoja. Mjomba alisema miaka hiyo ni mingi. Kisha akarudi kuuliza juu ya mwani, kama chumvi yake haikuiharibu shayiri.

Kwa upande wangu, mazungumzo hayo yalinipeleka nyumbani. Ukisimama Mambo, kwenye ukingo wa kaskazini wa Usambara, unaona chini yako tambarare ya Mkomazi ikienea hadi macho yanaposhindwa, na ni mandhari ambayo nimeipiga picha mara nyingi na ambayo watu huipenda kwa upana na ukimya wake. Wafugaji walioishi na kuchunga ndani ya eneo lile waliondolewa, na kufikia mwaka 1988 hawakuruhusiwa tena. Vivyo hivyo Wamasai waliondoka Serengeti mwaka 1959 na kuhamia Ngorongoro. Sisemi kwamba mambo haya ni sawa na ya Harris. Kule kondoo walichukua nafasi ya watu kwa ajili ya faida ya mwenye ardhi, na kwetu hoja iliyotolewa ilikuwa ni wanyamapori. Ninachosema ni kwamba mpiga picha anayefika baadaye hukuta kitu kilekile: nafasi kubwa, anga kubwa, na hakuna mtu, na hushawishika kuamini kwamba ndivyo ilivyoumbwa.

Tulibishana kuhusu hili jana usiku. Mwenzetu mmoja, mpiga picha hodari kuliko mimi, alisema kwamba picha ya mandhari haina wajibu wa kufundisha historia, na kwamba anayetaka habari za waliofukuzwa akasome vitabu. Ninaiheshimu hoja yake, lakini siikubali. Sidai kila picha ibebe kaburi. Ninadai tusiwe na mazoea ya kuliondoa tuta kwenye fremu kwa sababu linavunja usafi wa mteremko, kusogea hatua mbili ili ukuta wa nyumba iliyobomoka ufichwe na mwamba, na kufuta nguzo za umeme na paa la bati kwenye kompyuta, kisha kuandika chini yake kwamba hapa ni pori ambalo halijaguswa. Mpiga picha Mmarekani Paul Strand alipokuja kwenye visiwa hivi mwaka 1954, akakaa kisiwa cha South Uist, aliweka nyuso za wenyeji pamoja na mawe, nyasi na bahari yao, na ukizitazama picha hizo unaona kwamba mandhari haikupungua uzuri wowote kwa kuwa na wenyewe.

Wenyewe wapo hadi leo, na hili lazima niliandike pia. Tulipokuwa tukitafuta mahali pa kusimama juu ya barabara ya Bays tulisikia mdundo wa kitanda cha mfumi ukitoka kwenye banda la mabati, kwa kuwa kitambaa cha Harris Tweed, kwa sheria ya mwaka 1993, lazima kifumwe kwa mikono majumbani mwa wakazi wa visiwa hivi. Kiongozi alibisha hodi, akaomba ruhusa kwa niaba yetu tupite kwenye malisho, na mzee aliyetoka alituonyesha njia bora kuliko ile tuliyokuwa tumeipanga. Jumapili hatukupiga picha karibu na makanisa wala vijijini, kwa heshima ya siku hiyo, ambayo huku bado huadhimishwa kwa uzito. Leo mchana tumemaliza na mawe ya Calanais, yaliyosimamishwa yapata miaka elfu tano iliyopita. Palikuwa na watalii wengi, nami sikuwasubiri waondoke.

Kati ya picha zote nimechagua ya kuchapishwa kubwa, na si ya Luskentyre. Ni ile ya mteremko wa Bays, iliyopigwa kwa shata ya kawaida, matuta yakiwa yamejaa fremu kutoka chini hadi juu, na kwenye kona ya kulia banda la mfumaji. Chini yake nitaandika jina la mahali, mwezi na mwaka, na sentensi mbili kuhusu walioyajenga matuta hayo na mahali walikotolewa. Nyingine nitamchapishia mjomba. Nikienda likizo nyumbani nitapanda tena Mambo alfajiri, jua likiwa bado chini, safari hii nikiwa na mzee aliyewahi kuchunga ng'ombe kule Mkomazi, anionyeshe ni wapi palikuwa na visima na maboma kabla sijafungua stendi ya kamera.